Farasi Aliyekwenda Kuposa Mwika

Wenzangu wa bweni, tangu nishushe sanduku langu mmekuwa mkinizunguka kitandani: "Kadia, ni kweli mlimpandisha farasi mlimani? Kadia, ni kweli alitaka kuliwa?" Mnanijua. Nikizungukwa na watu zaidi ya wawili maneno yananikauka kooni, nabaki kuchezea kola ya shati. Kwa hiyo nimeandika. Someni kwa zamu, halafu tafadhali msiniulize tena kwa mdomo.

Mambo ya bwana mifugo, vibali na mihuri nayaruka. Yalikuwa marefu na hakuna aliyeanguka. Badala yake nimeweka ushauri wa farasi humo katikati, namna ya kumwongoza, kumfunga tandiko na kadhalika. Mtacheka, mtasema farasi tutampata wapi. Hata sisi hatukutegemea.

CHEKERENI

Baba Mdogo Deo ni mdogo wake baba. Kiwanda alichokuwa anafanya kazi kilipofungwa alikuja kukaa kwetu Chekereni, tunakolima mpunga, akapata kazi ya ulinzi kwa mhandisi mmoja mgeni wa mifereji. Mhandisi huyo alikuwa na farasi jike wa kahawia, mzee kiasi, mdomo wa chini umelegea kama wa mtu aliyetaka kusema jambo akalisahau. Mradi ulipokwisha, mhandisi aliondoka na vitabu vyake, akamwachia Baba Mdogo farasi, tandiko na hatamu. Farasi aliitwa Malkia.

Mtu mwingine angemuuza. Baba Mdogo akapata wazo. Alikuwa na mchumba Mwika, dada mshonaji anayeitwa Anjela, na baba yake Anjela, Mzee Kanuti, alikuwa ametangaza mbele za watu: "Huyo Deo hana kazi, hana kihamba, hana hata baiskeli. Asipofika hapa Jumamosi kama mwanaume, namkaribisha yule mwenye mashine ya kusaga." Kihamba, kwa ninyi mnaotoka mbali, ni lile shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati. Kwetu asiye na kihamba ni kama mtu aliyesimama hewani.

"Eti sina baiskeli," Baba Mdogo aliniambia huku akimpangusa Malkia kwa gunia. "Ataona nitakachokuja nimekikalia."

"Baba Mdogo, Mwika ni mbali."

"Farasi ana miguu minne, Kadia. Gawanya."

Shida ilikuwa moja. Malkia hakutaka kwenda naye. Baba Mdogo anaongea sana, halafu alikuwa anasimama mbele ya farasi uso kwa uso na kuvuta kamba kama anatoa ndoo kisimani. Malkia anarudi nyuma, Baba Mdogo anamhubiria, Malkia anafumba macho. Mimi nilikuwa nampelekea pumba za mpunga kila likizo, na mimi simtazami mtu machoni, wala farasi. Nilishika kamba nikasimama pembeni ya bega lake, nikatazama mbele, nikaanza kutembea kama vile sijali anakuja au haji. Akaja. Huo ndio ushauri wa kwanza: usimvute farasi, na usimkodolee macho. Simama begani kwake na uende zako. Ni mara ya kwanza aibu yangu kunifaa kwa kitu.

Na pumba ziloweke maji kabla ya kumpa. Pumba kavu zinamkaba.

Basi ikaamuliwa niwasindikize. Tulitoka mapema, na kilometa ya kwanza ilitumaliza asubuhi nzima. Kuna daraja la mbao juu ya mfereji mkuu, Malkia akalinusa, akakataa. Wakulima wakaacha mpunga wakaja kutoa ushauri. Mmoja akasema afunikwe macho kwa kanga, akafunikwa, akabaki amesimama vilevile ila sasa amevaa kanga. Mwingine akasema aimbiwe. Wakaimba. Mwisho Baba Mdogo akasema, "Apite majini, ataogopaje maji amekaa na mhandisi wa maji?"

Malkia akaingia majini bila ubishi. Alipofika katikati akasimama, akaanza kupiga maji kwa mguu wa mbele, pwa, pwa, pwa. Watu wakashangilia, wakasema anacheza. Sikilizeni vizuri hapa: farasi akianza kupiga maji kwa mguu, mtoe haraka. Anajiandaa kulala. Malkia alipiga magoti, akalala, akagaagaa kwa raha zake, tandiko mgongoni, na kwenye tandiko ilikuwa imefungwa suti ya posa ya Baba Mdogo, ya mtumba lakini nzuri, ya rangi ya majivu. Alipoinuka suti ilikuwa ya rangi ya Chekereni. Mkanda wa tumbo, ule unaobana tandiko lisiteleze, ulikuwa umekatika.

"Suti itakauka," alisema Baba Mdogo. Alikuwa ameshika kiuno. "Sasa mkanda."

MOSHI MJINI

Mjini hakuna fundi wa matandiko ya farasi. Tuliuliza kwa fundi viatu, akatuelekeza kwa fundi wa mabegi, naye akatuelekeza kwa Fundi Hemedi anayeshona viti vya magari nyuma ya gereji. Mimi nilibaki nje na Malkia. Watoto wakaja, watu wazima wakaja, baba mmoja akaniuliza kama anang'ata, mwingine akauliza kama mimi nang'ata, maana nilikuwa sijibu.

Fundi Hemedi alimzunguka Malkia, akapima tumbo lake kwa mikono, akaingia ndani akatoka na mkanda mpana mweusi, wenye kifungo chekundu cha kubonyeza.

"Huu ni wa gari, fundi," Baba Mdogo alisema.

"Wa gari, ndiyo. Umetoka kwenye gari lililobingirika Njia Panda. Gari limekwisha kabisa, mkanda mzima. Unataka ushahidi gani tena, bwana?"

Baba Mdogo akauvuta mkanda kwa mikono miwili.

"Unachomeka hapa, ta! Umekamata. Ukitaka kushuka unabonyeza hapa, umeachia. Mambo ya kisasa haya. Wazungu wenyewe hawajayafikiria."

Na kweli ulikamata vizuri. Nami nikaongeza nililoliona kwa mhandisi: farasi akifungwa mkanda anajaza tumbo hewa kama mtu anayepigwa picha. Ukimaliza kufunga usimpande. Mtembeze hatua kadhaa ajisahau, apumue, ndipo ukaze mara ya pili. Usipofanya hivyo, tandiko litageukia tumboni kwake na wewe utakuwa chini.

SHIRIMATUNDA

Tulilala Shirimatunda kwa Shangazi Filomena, dada mkubwa wa baba na Baba Mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga wa posa hii. Shangazi alitupikia mtori mzito wa ndizi na nyama, ule ambao kijiko kinasimama ndani yake. Nje, Malkia alikula mchicha wote wa Shangazi na kuionja foronya iliyokuwa kwenye kamba.

Shangazi alitoka na taa ya chemli kumwangalia.

"Huyu ndiye unampeleka Mwika?"

"Ndiye, dada."

"Mzima mzima?"

"Sasa nipeleke nusu?"

Shangazi aliinua taa. Alimtazama Malkia kuanzia shingo mpaka kwenye mkia, akapiga ishara ya msalaba. "Kweli unampenda yule binti. Wenzako wanapeleka mbuzi."

"Mimi siyo wenzangu."

"Basi kesho mimi napanda basi natangulia, niwaambie wajiandae. Kitu kikubwa hivi hakiwezi kumfikia mtu ghafla."

"Waambie wajiandae hasa," alisema Baba Mdogo, amevimba kama andazi. "Waite na majirani."

Mimi nilikuwa nakwangua bakuli. Nilisikia yote na sikuwaza kitu.

HIMO

Barabara ya kwenda Himo ni tambarare, na Baba Mdogo alipanda. Akipanda anapendeza, hilo siwezi kumnyima. Alikuwa amevaa suti, imekauka na ramani yake ya tope, na kofia ya pama. Mimi natembea begani kwa Malkia na kamba.

Tulipoingia Himo ilikuwa siku ya soko. Mnajua miaka hii vyama vimekuwa vingi na kila kimoja kina alama yake. Watu wakaacha mahindi, wakaacha mitumba, wakaja mbio.

"Chama gani hiki?"

"Sijui, kipya. Alama yake farasi."

"Mgombea ni yupi?"

"Huyo wa juu. Huyo binti ni katibu."

Nilitamani barabara inimeze. "Sisi siyo chama," nilisema, lakini nadhani nilisema moyoni, maana hakuna aliyenisikia. Mzee mmoja akamuuliza Baba Mdogo atafanya nini kuhusu bei ya kahawa. Hapo angeweza kusema ukweli. Lakini ninyi hamumjui Baba Mdogo. Mtu aliyepoteza kazi mara mbili, halafu ghafla watu mia wamemtazama kutoka chini na kusubiri neno lake!

"Ndugu wananchi!" alisema.

"Eeeh!"

"Kahawa ni jasho lenu!"

"Ndiyooo!"

"Na jasho haliuzwi kwa bei ya maji!"

Makofi. Vigelegele. Mama mmoja aliyekuwa na beseni la ndizi mbivu akapaza sauti: "Maneno tumeyasikia. Fulana ziko wapi? Wenzenu walileta na kanga!"

"Kweli, fulana!" Watu wakasogea. Baba Mdogo akaona mambo yanaharibika, akambana Malkia mbavuni kwa magoti ili aondoke. Na goti lake la kushoto likabonyeza kifungo chekundu.

Ta.

Sitaki kusema alianguka. Alizunguka. Tandiko liliteleza taratibu upande wa kulia naye juu yake, ameshika kofia, akapita kama mshale wa saa, mpaka akawa ananing'inia karibu na tumbo la Malkia akiendelea kuwatazama wananchi kichwa chini. Ndipo akadondoka. Malkia hakusogeza hata kwato. Farasi mwingine angemkanyaga. Huyu aligeuza shingo tu akamtazama, mdomo umelegea.

"Chama kimeanguka!" mtu alipiga kelele.

"Afadhali kimeanguka mapema," alisema yule mama wa ndizi. "Vingine vinatungoja tupige kura kwanza."

Ni huyohuyo mama aliyetusaidia. Kifundo cha mguu cha Baba Mdogo kilikuwa kimevimba. Mama alikikanda kwa maji ya moto na chumvi, akatulaza kwake, akatulisha makande, na hakuacha kumwita "mheshimiwa". Asubuhi nikatupa kifungo cha Fundi Hemedi. Nilichukua kamba ya katani, nikaizungushia gunia mahali inapopita kwenye ngozi ili isimchubue, nikafunga kwa fundo la kawaida. Ushauri: kitu chochote cha farasi kinachofunguka kwa urahisi, kitafunguka mbele za watu.

KUPANDA MLIMA

Kutoka Himo barabara inaanza kupanda, na baridi inakuja kidogokidogo kama mtu anayebisha hodi. Baba Mdogo alilazimika kupanda farasi kwa sababu ya mguu. Mlimani unainama mbele na kushika manyoya ya shingo. Usishike hatamu kwa kujining'iniza, maana hatamu zimeungana na lijamu, kile chuma cha mdomoni, na ukijivuta kwazo unamvuta meno. Nilimwambia hivyo Baba Mdogo na alinitii. Kifundo kilikuwa kimempunguza maneno.

Tukaanza kukutana na wanawake wamebeba majani ya ng'ombe kichwani, wanatoka tambarare. Mnajua ng'ombe wa kwetu mlimani haoni barabara. Anazaliwa zizini, analetewa majani, anaishia zizini. Kumwona mnyama anatembea mwenyewe na njaa yake ni sawa na kumwona mtoto wa mtu anaokota chakula jalalani.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba. Wee binti, mnyama wenu anatembea? Kwenu hakuna wa kukata majani?"

Kabla sijafungua mdomo, mmoja ameshusha mzigo wake, amegawa nusu, ameniwekea kichwani. Nikajaribu kuuweka kwenye mgongo wa Malkia, nyuma ya Baba Mdogo. Wakapiga kelele wote pamoja.

"Abebe chakula chake mwenyewe? Kwani ni mfungwa?"

"Na ale vizuri leo," alisema mwingine, akiniongezea fungu. "Kesho ni kesho."

Kwa hiyo ndivyo tulivyopanda: Baba Mdogo juu ya farasi, majani juu yangu, na Malkia akinyoosha shingo kila hatua kung'oa majani kutoka kichwani kwangu. Shingo iliniuma wiki nzima.

Kadiri tulivyokaribia Mwika watu walizidi kuwa wema. Wanatoka migombani, wanasimama, wanatabasamu. Babu mmoja mwenye koti refu alimsimamisha Malkia, akamshika bega la kulia, akalibonyezabonyeza kwa vidole.

"Aika, mangi," alimwambia Baba Mdogo, yaani asante, bwana. "Umetuheshimu. Hili ndilo langu."

"Karibu sana, meku!" Baba Mdogo alijibu kwa furaha. Alidhani ni salamu.

Mbele kidogo mama mwenye kitenge cha kijani alitupigia makofi. "Ndiye huyu! Mae, ana shingo! Mume wangu ni mjomba wa binti, shingo ni ya kwetu." Halafu akaniinamia mimi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekufundisha kupika: "Msimwendeshe mbio, mwanangu. Akichoka, nyama inakuwa ngumu."

Nilisimama. Malkia akasimama. Majani yakaniangukia usoni.

"Baba Mdogo."

"Mm?"

"Wanamgawana."

"Wanamgawana nani?"

"Malkia. Yule babu amechukua bega. Huyu shingo."

Baba Mdogo alitazama nyuma, akatazama mbele, ambako mzee mwingine alikuwa anatungoja kando ya njia ameshaanza kunyoosha mkono kuelekea paja. Uso wa Baba Mdogo ukabadilika kidogokidogo, kama mtu anayesoma barua kwa lugha asiyoijua vizuri.

"Dada Filomena ndiye aliyewaambia," alisema.

Nielezeni ninyi mngefanya nini. Kwetu mnyama anayepelekwa ukweni siku ya posa anachinjwa, na kila kiungo kina mwenyewe tangu enzi za mababu. Akishavuka lango, ni wa nyumba ile. Kumwomba tena ni tusi. Na kugeuza njiani, mlima mzima umeshakuona, ni tusi kubwa zaidi. Baba Mdogo alijua hayo yote. Alikuwa ametaka tu kufika amekalia kitu.

"Nikirudi, Anjela anaolewa na mashine ya kusaga," alisema. "Nikiingia..." Aliinamia shingo ya Malkia, na niliona mtu mzima anapangusa macho kwa manyoya ya farasi. Malkia alimpulizia pumzi magotini. Hakujua kitu, alikuwa anatafuna.

Tulikuwa tumesimama kwenye mpaka wa vihamba viwili, na mpakani kwetu hupandwa masale, yale majani marefu ya kijani. Mtu aliyekukosea akija kwako ameshika jani la sale, humpigi wala humfukuzi. Unamsikiliza, mnakunywa kata moja ya pombe, yamekwisha. Nilichuma jani moja.

"Unafanya nini?" Baba Mdogo aliuliza. "Sijawakosea kitu, hata kufika sijafika."

"Siyo lako," nilisema, nikalifunga kwenye ukanda wa kichwani, katikati ya masikio ya Malkia. "Akiingia nalo siyo zawadi tena. Ni mkosaji."

Baba Mdogo alinishangaa. Hata mimi nilijishangaa.

MWIKA

Uwanja wa Mzee Kanuti ulikuwa umefagiwa. Majani ya migomba yametandazwa chini, sufuria kubwa za ndizi zinachemka, mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, iko kwenye pipa. Mzee Aloisi, kaka yake Mzee Kanuti, alikuwa ananoa kisu kwenye jiwe. Shangazi Filomena alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima, akatupungia mkono kwa fahari.

Mzee Aloisi aliinua kisu, akaona jani. Akakishusha.

"Kanuti. Njoo uone."

Mzee Kanuti akaja. Ni mfupi, na anasimama amejitupa nyuma kama mtu anayesoma kibao cha mbali. "Nani amemvalisha huyu sale?"

Shangazi akanyoosha shingo aone.

"Mnyama anaweza kuomba msamaha?" aliuliza Mzee Aloisi.

"Sijawahi kuona."

"Umewahi kuona anakatazwa?"

Wazee wakakaa kulijadili. Sitanii, wakakaa kabisa, wakaletewa viti. Mmoja akasema sale ni la watu. Mwingine akasema sale haliulizi nani amelishika, likiingia limeingia, ukilikanyaga ni wewe na ukoo wako. Malkia alisimama akipepea mkia. Ndizi zilikuwa zinaiva. Mwisho Mzee Kanuti aliinua mkono.

"Sawa. Ni mkosaji. Lakini mkosaji hutaja kosa lake. Atalitaja nani?"

"Aliyemleta," alisema Mzee Aloisi. "Aliyeshika kamba."

Kamba nilikuwa nimeishika mimi.

Jamani, uwanja mzima uligeuka. Nilitazama kwato za Malkia. Niliona kwato ya mbele imebeba kijiwe, na kwa kuwa sikujua mikono niifanye nini, nikaunyanyua mguu wake nikaanza kukitoa kwa kijiti, kama ninavyofanya kila jioni. Na huku nimeinama, bila kuona uso wa mtu, maneno yakatoka.

Nilisema Malkia alilala kwenye mfereji na suti ya posa, ndiyo maana bwana harusi ana ramani mgongoni. Nilisema alikula mchicha wa Shangazi.

"Na foronya!" Shangazi alidakia.

Na foronya. Nilisema Himo amemwangusha mgombea. Wazee walitaka kujua wa chama gani, nikasema hatukijui.

"Hayo siyo makosa kwetu," alisema Mzee Kanuti. "Sisi ametukosea nini?"

Nilishusha mguu wa Malkia. "Amewatamanisha nyama, babu. Na yeye siyo nyama. Amembeba mtu tu."

Mzee Kanuti alivuta pumzi. "Tangu jana naota supu," alisema kwa uchungu, na wazee wakaguna pamoja naye. "Hilo ni kosa kubwa."

"Kubwa sana," alisema babu wa bega, ambaye alikuwa ametufuata.

"Lakini sale limeingia." Mzee Kanuti alimgeukia Baba Mdogo, aliyekuwa bado juu ya tandiko kwa sababu hakuna aliyemwambia ashuke. "Mkosaji tutamsamehe. Wewe mposaji bado hatujakusikia. Leteni kata."

Kata ya mbege ikaletwa, kile kibuyu chenye mpini. Mkosaji hunywa kwanza, halafu mwenye nyumba aliyekosewa hunywa palepale, ndipo yanakwisha. Malkia alinusa, akatumbukiza mdomo mpaka puani, akavuta. Kumbe mbege kwake ni pumba zilizolowekwa vizuri kuliko zangu. Alipotoa kichwa, kata ilikuwa nusu, juu yake kuna povu, mate, na unyasi mmoja unaelea.

Mzee Kanuti aliitazama. Akampa Mzee Aloisi. "Wewe ni mkubwa."

"Nina dozi," alisema Mzee Aloisi, akampa anayefuata. Huyo alikuwa amemwahidi padri kuacha pombe. Mwingine jino lilikuwa linamuuma. Kata ikazunguka uwanja mzima ikarudi ilikotoka, na kila aliyeipitisha alikitazama tena kile kisu. Bila mtu wa nyumba kunywa, hakuna msamaha. Baba Mdogo alinyoosha mkono. "Wewe siyo wa nyumba hii," akaambiwa.

Ndipo Anjela akatoka jikoni. Sikuwa nimemwona kabla. Ni mrefu, ana pini za kushonea zimechomekwa kwenye blauzi, alikuwa amesahau kuzitoa. Aliwaamkia wazee, akachukua kata mkononi mwa baba yake, akautoa ule unyasi kwa vidole viwili, akaupangusa kwenye sketi. Akanywa. Hakunusa kwanza. Alipumzika kidogo, akafuta povu, akampandishia Baba Mdogo kata kule juu ya farasi.

"Malizia," alimwambia.

Akamalizia.

Mzee Kanuti alikuwa amefungua mdomo. Desturi ni binti aulizwe mara tatu kama amekubali, na alikuwa ameshajiandaa kuuliza kwa sauti nzito. Lakini mama yake Anjela, ambaye alikuwa anakoroga ndizi wakati wote, aliweka mwiko chini.

"Msichana aliyekunywa baada ya farasi wa mtu," alisema, "mnataka kumwuliza nini tena?"

Mbuzi aliahidiwa kwa mwezi unaofuata. Siku ile tulikula ndizi kwa maharage, na nawaambia sijawahi kuona watu wengi hivyo wanakula maharage huku wanatazama paja.

Malkia walimwingiza zizini pamoja na ng'ombe. Mama Anjela alikataa atoke: mgeni aliyesamehewa haendi kujitafutia majani. Nikawaambia, na hapa nilisema nimesimama wima, kwamba farasi siyo ng'ombe. Akikaa ndani siku nzima anavimba miguu, tumbo linamfunga, anaanza kutafuna mlango. Ni lazima atembezwe kila siku, tena na mtu aliyemzoea.

Kwa hiyo Baba Mdogo amepanga chumba palepale Mwika, anafanya vibarua vya kahawa, na kila jioni anapiga hodi ukweni kumtembeza farasi. Mzee Kanuti anakaa mlangoni amenuna, na hajapata hata neno moja la kumzuia. Nilipoondoka, aliyekuwa ameshika kamba ni Anjela. Anasimama begani kwa Malkia, anatazama mbele, na Baba Mdogo anamfuata nyuma, kimya.